Mgeni njoo, mwenyeji apone: maisha ya Daktari Bethune

Ukivuka bahari kutoka Shimoni au Vanga ukaingia Pemba, ukafika Mkoani na mgonjwa wako, hospitali utakayoelekezwa ni Abdulla Mzee. Hospitali ile ilijengwa upya kwa msaada wa serikali ya Uchina na kufunguliwa mwaka 2016. Ndani yake utawakuta madaktari wa Kichina, wengi wao kutoka jimbo la Jiangsu, wakifanya kazi pamoja na madaktari wa Kipemba. Wazee wa kule hawawashangai. Madaktari hawa wamekuwa wakija Zanzibar kwa zamu tangu miaka ya 1960, kundi likiondoka jingine linaingia.

Sisi wa huku bara ya pili, ambao wengi wetu tuna jamaa Pemba, tumezoea kuiona Uchina kama nchi ya kutoa. Tunasahau kuwa si zamani sana nayo ilikuwa ikipokea. Ilikuwa nchi ya njaa, vita na maradhi, na majeruhi wake wakifa vijijini kwa kukosa mtu wa kuwafunga jeraha. Katika waliokwenda kuwasaidia, anayekumbukwa kuliko wote ni daktari mmoja wa Kanada aitwaye Norman Bethune.

Nimeona leo nisimulie maisha yake. Tangu Marekani ilipokata misaada yake mapema mwaka 2025, na kliniki zetu nyingi zilizokuwa zikiitegemea zikayumba, maneno vibarazani yamekuwa ni yale yale: nani sasa atatuletea dawa, nani atatujengea wodi. Naona tunauliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki Bethune alifundishwa na moto, baada ya kuipoteza hospitali aliyoijenga kwa jasho lake.

Alizaliwa mwezi wa Machi mwaka 1890 katika mji mdogo wa Gravenhurst, jimbo la Ontario. Baba yake alikuwa kasisi wa Kipresbiteri. Babu yake, ambaye ndiye aliyerithi jina lake, alikuwa tabibu wa upasuaji. Basi kijana akalelewa baina ya mimbari na kisu, na mwisho akashika kisu. Alianza masomo yake Chuo Kikuu cha Toronto, akayaacha kwa muda akaenda kuwafundisha kusoma na kuandika vibarua wahamiaji waliokuwa wakikata magogo misituni. Mchana alifanya kazi nao, usiku akiwasomesha. Hilo mliweke akilini, kwa maana kufundisha kulikuwa ndani yake kabla hajawa daktari.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza mwaka 1914 aliingia jeshini kuwa mbeba machela. Mwaka uliofuata akajeruhiwa mguu huko Ypres, nchini Ubelgiji, akarudishwa nyumbani, akamaliza udaktari mwaka 1916. Baadaye alioa, akaenda Detroit, Marekani, kufungua kliniki yake. Huko ndiko alikoanza kuona jambo lililomkera hadi kufa. Wagonjwa waliokuwa na haja naye zaidi walikuwa ni wale wasio na pesa, na wenye pesa wengi wao hawakuwa na ugonjwa wa maana.

Mwaka 1926 yeye mwenyewe akapatikana na kifua kikuu. Siku hizo hakukuwa na dawa ya kuua vijidudu vyake. Mgonjwa alilazwa sanatoria milimani, apumzike, ale vizuri, asubiri apone au afe. Bethune alilazwa Saranac Lake, New York. Ndoa yake ikavunjika. Akiwa kitandani akasoma kuhusu njia ya kulipumzisha pafu kwa kuingiza hewa kifuani ili lijikunje na lipate nafasi ya kupona. Madaktari walisita kwa hatari yake. Yeye akang'ang'ania afanyiwe, akafanyiwa, akapona.

Aliyeokolewa na upasuaji akaamua maisha yake yawe ya upasuaji wa kifua. Alihamia Montreal mwaka 1928, akajifunza chini ya mabingwa, akawa bingwa mwenyewe. Alibuni vifaa vya kazi, mmoja ukiwa ni mkasi wa kukatia mbavu ambao uliendelea kubeba jina lake. Angeweza kukaa pale akatajirika. Lakini aliona kuwa maskini anayepasuliwa akapona hurudi kwenye chumba kile kile cha unyevu, chakula kile kile kibovu, na baada ya mwaka yuko wodini tena. Akafikia kusema waziwazi kuwa kifua kikuu kiko cha aina mbili, cha tajiri na cha maskini, na tajiri hupona na maskini hufa.

Katika ile hali ngumu ya uchumi ya miaka ya 1930 alitibu watu bure, na pamoja na wenzake waliitolea serikali mapendekezo kwamba matibabu yawe haki ya kila raia na yalipiwe na umma. Walipuuzwa. Mwaka 1935 alikuwa amezuru Urusi ya Kisovieti kuona ilivyokuwa ikipambana na kifua kikuu, na aliporudi akaingia chama cha Kikomunisti.

Ndugu msomaji, sikufichi. Mtu huyu hakuwa wa dini yetu, na hata ile ya baba yake aliiacha. Alikuwa mlevi wakati mwingine, mkali wa hasira, mgumu wa kuishi naye. Mke wake alimwoa mara mbili na mara zote mbili wakaachana. Simweki mbele yenu awe kigezo cha mwenendo. Namweka kwa alichojifunza kuhusu kusaidia watu, maana wengi wanaosaidia wanakufa hawajajifunza.

Mwaka 1936 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Uhispania, naye akaenda Madrid. Aliona majeruhi wanakufa njiani kwa kutokwa na damu kabla hawajafikishwa hospitali. Akageuza mambo: badala ya majeruhi kuifuata damu, damu iwafuate majeruhi. Raia wa Madrid walijitolea damu, ikawekwa chupani, ikahifadhiwa kwa baridi, na gari likaipeleka hadi karibu na mstari wa mapigano. Hakuwa peke yake katika fikra hiyo, kwani tabibu mmoja wa Kihispania kule Barcelona alikuwa akifanya kazi kama hiyo, lakini Bethune alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Februari 1937, mji wa Málaga ulipoanguka na maelfu kwa maelfu ya watu wakawa wanakimbia kwa miguu kandokando ya pwani kuelekea Almería, aliitoa mizigo garini akajaza watoto, akawa anakwenda na kurudi mchana na usiku.

Lakini Uhispania hakudumu. Aligombana na wakubwa, ulevi ukamharibia, na katikati ya mwaka 1937 akarudi Kanada kuzunguka miji akichangisha fedha. Mwezi wa Julai mwaka huo Japani ikaivamia Uchina kwa nguvu zake zote. Bethune akapata la kufanya.

Januari 1938 alipanda meli Vancouver, pamoja na nesi mmoja wa Kanada aliyejua Kichina, gharama zikilipwa na kamati za wahisani wa Marekani na Kanada. Mwisho wa Machi alifika Yan'an, kwenye mapango walikokuwa na makao Wakomunisti wa Uchina, akaonana na Mao Zedong usiku ule ule. Angeweza kubaki Yan'an palipokuwa na usalama kidogo. Yeye akataka apelekwe walipo majeruhi. Kiangazi cha mwaka huo akafika milima ya Wutai, nyuma ya safu za Wajapani, penye eneo lililokuwa na watu mamilioni na takriban hakuna daktari aliyesomea.

Alichokikuta kilimtisha. Waliokuwa wakiitwa madaktari wengi hawakupata kuingia chuo. Wauguzi walikuwa watoto wa wakulima, wengine hawajafika miaka ishirini, hawajui kwa nini mikono ioshwe. Majeruhi walilala juu ya majani makavu, na vidonda vyao vilikuwa havijafunguliwa siku nyingi. Bendeji zilifuliwa zikatumika tena na tena. Dawa ya usingizi ilikuwa haba.

Hapa ndipo Bethune alipofanya kile ambacho kila mfadhili hukifanya. Alitaka kujenga. Akapendekeza hospitali ya mfano katika kijiji cha Songyankou, iwe safi, yenye chumba cha upasuaji cha kisasa, ili wengine waje waone na kuiga. Wakuu wa jeshi la msituni walikuwa na shaka. Adui huingia na kutoka apendavyo, nasi hatukai mahali pamoja, vipi tujenge hospitali? Lakini alikuwa mgeni mwenye heshima, na alisisitiza. Wanakijiji wakatoa nguvu zao. Maseremala wakatengeneza vitanda na viunzi, wahunzi wakafua vyombo, wanawake wakashona mashuka na kanzu za wagonjwa. Tarehe 15 Septemba 1938 ikafunguliwa kwa sherehe kubwa, kwa hotuba na bendera, kama tuzijuavyo.

Haikumaliza hata miezi michache. Wajapani walifanya mashambulizi makubwa, wakaufikia mlima, na hospitali ikateketezwa.

Yupo ambaye angeandika barua kwa wafadhili kuomba fedha za kujenga nyingine. Bethune alikubali kuwa wenyeji walikuwa wakiijua nchi yao kuliko yeye. Aliacha kabisa habari ya majengo. Akaunda vikosi vya matibabu vya kutembea, vikifuata mapigano milimani, vikipasua kwenye mahekalu, kwenye vibanda vya wakulima, popote penye meza na taa. Akabuni tandiko la mbao la kuwekwa juu ya mgongo wa baghala, lenye visanduku vya vyombo, dawa na bendeji, ambalo likifunguliwa hugeuka meza ya daktari. Inaelezwa kuwa lilibeba vya kutosha upasuaji wa watu mia moja. Akalipa jina la daraja la Lugou, palipopigwa risasi ya mwanzo ya vita vile. Wazo alilipata kwa kutazama vikapu ambavyo wakulima walikuwa wakibebea mbolea. Kila kitu ndani yake kilitengenezwa na fundi wa kijijini, na kikivunjika fundi yule yule alikitengeneza.

Na akafundisha. Hili ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Alifundisha akiwa anapasua, jioni baada ya kupasua, na usiku akaandika vitabu vya mafunzo na kuvichorea picha kwa mkono wake ili vieleweke na asiyesoma sana. Alimtaka kila mmoja ajue kazi ya mwenziwe: daktari ajue kumwosha mgonjwa, nesi ajue kupima damu. Wanakijiji walipoogopa kutoa damu, wakidhani mtu hufa, alilala yeye mwanzo akatolewa yake mbele yao. Wakaona amesimama mzima, nao wakajitokeza, hata ikaundwa orodha ya wajitoleaji. Alipopewa posho ya yuan 100 kwa mwezi, aliikataa akataka itumike kwa majeruhi. Katika mapigano ya Qihui, Aprili 1939, inaelezwa kuwa alipasua watu 115 kwa saa 69, akilala kidogo sana.

Wakati wote huo fedha zilizochangwa nje kwa jina lake zilimfikia kwa shida au hazikumfikia kabisa. Barua zilichukua miezi. Kamati zilikuwa na mambo yao huko New York na Toronto, na yeye mlimani alikuwa akihesabu bendeji. Mwenye kujua habari za miradi ya kwetu hatashangaa. Hivyo akapanga kurudi Kanada mwisho wa mwaka 1939 kuchangisha mwenyewe. Wajapani wakashambulia tena, akaahirisha safari ili akatibu majeruhi.

Mwisho wa Oktoba, akimpasua askari kwa haraka huku adui akikaribia, alijikata kidole. Hakuwa amevaa glavu, kwa sababu glavu hazikuwapo. Siku chache baadaye akampasua mgonjwa mwenye jeraha lililooza, uchafu ukaingia katika kile kidonda, na damu yake yote ikapata sumu. Dawa ambayo ingeweza kumsaidia haikuwapo milimani. Alifariki alfajiri ya tarehe 12 Novemba 1939 katika kijiji cha Huangshikou, umri wake miaka 49. Msaada wa dunia ulikuwa umeshindwa kumfikishia jozi moja ya glavu.

Mwezi uliofuata Mao aliandika makala ya kumkumbuka, na baadaye kila mtoto wa shule nchini Uchina akaisoma. Ndiyo maana leo ukimtajia Mchina yeyote jina la Bethune atalijua, hali kwao Kanada wengi walikaa miaka mingi bila kulijua. Nyumba aliyozaliwa Gravenhurst ilifanywa makumbusho katika miaka ya 1970, baada ya Kanada na Uchina kuwa na uhusiano.

Lakini mimi sipimi kazi yake kwa makala wala makumbusho. Napima kwa yaliyotokea alipoondoka. Miezi miwili kabla ya kifo chake ilikuwa imeanzishwa shule ya tiba katika eneo lile, ambayo yeye aliipigania na kuisaidia. Alipokufa haikufungwa. Iliitwa kwa jina lake, ikahama na jeshi kutoka kijiji hadi kijiji, na leo ni kitivo cha tiba katika Chuo Kikuu cha Jilin, mjini Changchun. Hospitali ya kijeshi iliyobeba jina lake nayo ilipata mkurugenzi wake wa kwanza kutoka India. Huyo ni Dwarkanath Kotnis, mmoja wa madaktari watano waliotumwa mwaka 1938 na chama cha Congress wakati India yenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza. Kotnis naye alifia huko, Desemba 1942. Waliofundishwa wakafundisha wengine. Mwaka 1963 Algeria, baada ya madaktari wa Kifaransa kuondoka, iliomba msaada, na Uchina ikatuma kundi lake la kwanza la madaktari Afrika. Baada ya hapo ikafuata Zanzibar. Uchina ya wakati ule haikuwa tajiri. Ilichokuwa nacho ni watu waliofundishwa.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilikodi mashine za kisasa kwa ajili ya hospitali za kaunti, kwa mabilioni ya shilingi. Maseneta walipochunguza baadaye walikuta mashine nyingine zimekaa bure kwa kukosa mtaalamu wa kuziendesha, au umeme, au chumba cha kuziweka. Haikuwa sadaka ya mfadhili, tulikuwa tukilipa, na bado kosa lilikuwa lile la Songyankou. Kuna zahanati ninayoijua huku kwetu, sitaitaja, yenye bango kubwa la mhisani mlangoni. Ilizinduliwa kwa dufu na wali wa nyama. Mama akipatwa na uchungu usiku bado hutiwa kwenye tuk-tuk hadi mjini, kwa sababu mkunga ni mmoja na yumo likizo, na jenereta haina mafuta.

Katika dini tunafundishwa kuwa binadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa mambo matatu, na miongoni mwake ni sadaka yenye kuendelea na elimu yenye kunufaisha. Kwa hospitali, viwili hivi havitengani. Jengo bila ya elimu si sadaka yenye kuendelea, litaendelea vipi? Rangi itabambuka, mashine itaungua, na mfadhili atakuwa amehamia nchi nyingine yenye msiba mpya.

Kwa hiyo nawaambia madiwani wetu, kamati za hospitali, na hata maimamu wanaopokea wageni wa mashirika kwa niaba ya mitaa: mgeni akija mpokeeni kwa heshima, maana wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini kabla ya kukatwa utepe, mkataba usomwe mbele ya watu. Uandikwe ni vijana wangapi wa hapa watasomeshwa, na chuo gani, na watafungwa kwa mkataba wa kufanya kazi hapa miaka mingapi. Uandikwe mashine ikiharibika fundi ni nani na yuko wapi, maana kama fundi yuko ng'ambo basi mashine hiyo ni ya maonyesho. Uandikwe mafuta na dawa ni bajeti ya nani mhisani akiondoka, na kaunti iweke sahihi yake hapo. Na wenyeji wakisema jengo lisiwekwe mahali fulani kwa sababu mvua za masika hupafanya pasipitike, wasikilizwe. Wakuu wa Wutai walisema, hawakusikilizwa, na moto ukawapa haki yao.

Mhisani wa kweli hatachukia kuulizwa hayo. Anayechukia, afadhali tumjue mapema.

Vijana wale wa Wutai waliofundishwa kuosha mikono na kufunga jeraha, wengi wao historia haikuandika majina yao. Lakini mgonjwa wa Mkoani anayelazwa leo, akatibiwa akarudi kwake Kengeja au akavuka kurudi Vanga, katika uzima wake mna sehemu ya kazi yao.